Dakika Ishirini za Mchana: Mwongozo wa Kulala Kidogo

Mwaka 1994 NASA, shirika la anga za juu la Marekani, lilichapisha ripoti kuhusu usingizi wa marubani. Wafanyakazi 21 wa chumba cha rubani, kwenye safari ndefu za kuvuka Bahari ya Pasifiki, waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza liliruhusiwa kulala kitini kwa zamu, mtu mmoja mmoja, dakika 40, wenzake wakiwa macho kwenye usukani. Kundi la pili likaendelea na kazi kama kawaida. Waliopewa nafasi walipitiwa na usingizi ndani ya dakika sita hivi, wakalala wastani wa dakika 26. Tofauti ilijitokeza ndege zilipokaribia kutua. Vifaa vilivyobandikwa vichwani vilionesha kwamba wasiolala walikuwa wakisinzia kwa sekunde kadhaa, mara kwa mara, hata ndege ikiwa inashuka. Waliolala hawakunaswa wakisinzia hata mara moja katika nusu saa ile ya mwisho.

Kwetu anayejilaza mchana bado hutafutiwa jina: mvivu, goigoi, mzembe. Wengine hawalali kwa sababu waliwahi kujaribu wakajuta. Ukimsikiliza huyo aliyejuta, mara nyingi alilala dakika 50 au saa nzima, akaamka na wenge, ulimi mzito, hajui kama ni alfajiri au magharibi. Akahitimisha kuwa usingizi wa mchana haumfai. Kilichomponza ni kipimo. Angeamshwa nusu saa mapema, angeamka mtu mwingine.

Kabla ya vipimo, lawama za ubwabwa zipunguzwe kidogo. Uzito wa macho unaokuja kati ya saa 7 na saa 9 mchana humjia hata ambaye hajala kitu, na anayefunga Ramadhani ni shahidi wa hilo. Mambo mawili hukutana muda huo. Tangu mtu anapoamka, kemikali iitwayo adenosini huanza kujikusanya kwenye ubongo, na kadiri inavyozidi ndivyo usingizi unavyomwita. Wakati huohuo mwili una saa yake, inayorekebishwa na mwanga wa jua, ambayo humsukuma mtu abaki macho. Msukumo huo hulegea kidogo mchana, kisha hupanda tena jioni. Sahani ya pilau iliyojaa hadi ukingoni huongeza uzito, lakini haikuuanzisha.

Watu wa mwambao walilipangia jambo hili nafasi zamani. Kailula, yaani kujinyoosha kidogo mchana, ni mazoea yanayopendekezwa katika Uislamu, hasa kwa anayeamka usiku kuswali tahajudi au kula daku. Mji Mkongwe wa Zanzibar hadi leo una maduka yanayofungwa adhuhuri na kufunguliwa alasiri. Ng'ambo ya bahari, Oman, maduka mengi nayo hufungwa mchana na kufunguliwa tena jioni. Huko joto limeingia mpaka kwenye sheria: kuanzia Juni hadi Agosti kazi za nje, kama za ujenzi, hupigwa marufuku kati ya saa 6:30 na saa 9:30 mchana. Kwa Waswahili wanaofanya kazi huko, saa hizo tatu ni nafasi ya kailula iliyotolewa na serikali.

Sasa vipimo. Mtu akijilaza na kufumba macho, kinachokuja kwanza ni lepe. Misuli inalegea, macho yanazunguka polepole chini ya kope, mawazo yanaanza kukatika na kuchanganyika na picha zisizo na mpangilio. Ukimwamsha hapo atakuapia kwamba hakuwa amelala, ingawa alikuwa anakoroma. Hapa ndipo pia mguu unaporuka ghafla na mtu kushtuka kama aliyetumbukia shimoni. Huwapata watu wengi na hakuna aliyemroga. Baada ya dakika chache anaingia usingizi mwepesi, ambao ni usingizi kamili lakini unaokatika kwa urahisi. Akiachwa, baada ya nusu saa hivi anazama kwenye usingizi mzito, ambapo mawimbi ya umeme ya ubongo huwa makubwa na ya polepole. Kumtoa mtu huko kabla ya wakati ndiko kunakoleta wenge. Mzunguko mzima, kutoka lepe hadi usingizi mzito hadi ndoto na kurudi juu, huchukua kama dakika 90.

Watafiti wawili wa Australia, Amber Brooks na Leon Lack, walilipima jambo hili kwa makini na kuchapisha matokeo yao mwaka 2006. Waliwachukua vijana waliokuwa wamelala saa tano tu usiku uliotangulia, wakawalaza mchana kwa dakika 5, 10, 20 au 30, kisha wakawapa majaribio ya umakini. Dakika 5 hazikufua dafu. Dakika 10 ziliwachangamsha papo hapo, na faida ikadumu zaidi ya saa mbili. Dakika 20 zilifaa pia, ila faida yake ilichelewa kidogo kuonekana. Waliolala dakika 30 walianza na wenge kwanza, ndipo wakachangamka baadaye.

Kwa hiyo shika vipimo viwili. Kifupi ni kati ya dakika 10 na 20: kinatosha kuondoa uzito wa macho, na ukiamka unaweza kurudi kazini mara moja. Kirefu ni dakika 90, mzunguko mzima, kinachomfaa aliyekosa usingizi usiku, anayejiandaa na zamu ya usiku, au mwanafunzi aliyejaza kichwa na anataka kilichomo kitulie. Mwaka 2003 Sara Mednick na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walionesha kwamba, kwa zoezi moja la kutofautisha maumbo kwa macho, usingizi wa mchana wa dakika 60 hadi 90 ulileta faida sawa na ya usiku mzima. Mtego uko katikati, dakika 40 hadi 60. Ukiona muda ulio nao ni huo, lala 20 na zilizobaki kunywa maji, piga simu, fanya lolote.

Kulala kidogo ni ufundi, na kila fundi ana matayarisho yake. Lala kabla ya saa 9 alasiri. Ukichelewa zaidi ya hapo unauibia usingizi wa usiku. Weka kengele ya simu dakika 25 mbele: tano za kuutafuta usingizi, ishirini za kulala. Kisha iweke simu mahali ambapo ni lazima uinuke kuifikia. Simu iliyo chini ya mto huzimwa kwa kidole kimoja, na mwenye kidole hakumbuki kwamba aliizima. Tafuta giza hata kama ni la kubahatisha: kanga iliyokunjwa mara mbili juu ya macho inatosha kabisa. Mkeka sakafuni una faida yake, kwani kitanda chenye godoro laini, neti na feni ni mwaliko wa kulala mpaka magharibi. Legeza mkanda, vua viatu. Usihangaike kama usingizi hauji. Kulala tu ukiwa umefumba macho nako kunapumzisha, na anayeuwinda usingizi huwa anaufukuza.

Wapo wanaoogopa kulala mchana kwa sababu ya jinamizi. Mtu anafumbua macho, anaona chumba, anasikia watu wanaongea uani, lakini hawezi kuinua hata kidole, na kifuani anahisi kama amekaliwa. Inatisha, hilo halina ubishi. Wakati wa kuota, ubongo hufunga misuli ili mtu asirushe ngumi anazoziota. Jinamizi ni kuamka akili kabla kufuli hilo halijafunguliwa. Huisha lenyewe ndani ya sekunde kadhaa au dakika moja mbili. Huwajia zaidi waliokosa usingizi wa kutosha na wanaolala chali, hivyo dawa ya kwanza ni kulala ubavu.

Kuna mbinu moja inayoonekana kinyume na akili: kunywa kahawa kisha kulala. Kafeini haifanyi kazi papo hapo. Huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kufika kwenye ubongo, ambako huziba zile nafasi zinazotumiwa na adenosini. Usingizi mfupi nao, kwa upande wake, huipunguza adenosini. Anayekunywa kikombe chake haraka na kujilaza robo saa anaamka wakati vyote viwili vimeanza kazi. Jim Horne na Louise Reyner wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, waliijaribu mbinu hii miaka ya 1990 kwa madereva wenye usingizi waliowekwa kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji. Kahawa peke yake ilisaidia. Kahawa pamoja na lepe la chini ya robo saa ilisaidia zaidi. Kipimo chao kilikuwa sawa na vikombe viwili vya kawaida, kwa hiyo kikombe kimoja kidogo cha mtembeza kahawa wa barazani hakifiki, na chai ya maziwa haifiki kabisa. Angalia saa pia: nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya kama saa tano, na kahawa ya saa 11 jioni utakutana nayo saa 4 usiku ukigeukageuka kitandani.

Mbinu hii inawahusu madereva kuliko mtu mwingine yeyote. Dereva aliyechoka halali moja kwa moja. Hupotea kwa sekunde chache, macho wakati mwingine yakiwa wazi, kisha anarudi bila kujua kwamba alikuwa hayupo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akipotea sekunde nne, gari limekwenda mita 88 bila mtu, karibu na urefu wa uwanja wa mpira. Drew Dawson na Kathryn Reid walichapisha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi za Ulaya humzuia nacho mtu kuendesha. Hesabu mwenyewe: aliyeamka saa 10 alfajiri kuwahi stendi anafikia saa 17 ifikapo saa 3 usiku, na kuna wanaoianza safari ya pili saa hiyo.

Madereva wana dawa zao: kufungua dirisha upepo uingie, kupandisha muziki, kutafuna mirungi, kumwambia kondakta apige stori. Reyner na Horne walizijaribu mbili za kwanza, hewa baridi na redio, wakaona zinasaidia kwa muda mfupi tu, kama robo saa hivi, wa kutosha kufika mahali salama pa kusimama. Mirungi ni kesi nyingine. Tanzania imepigwa marufuku, Kenya inauzwa kama miraa hadharani, na kote huko kazi yake ni ileile: inamficha dereva uchovu wake. Deni la usingizi linabaki palepale, na nguvu ya majani ikiisha linadaiwa lote kwa mkupuo. Stori za kondakta zina heri kuliko yote hayo, ila naye huwa amelala.

Dalili za kusimama si za kubishaniwa. Ukipiga miayo mfululizo, ukikuta hukumbuki kijiji ulichopita, ukianza kuchezacheza kwenye mstari wa barabara, simama. Si pembeni ya lami, ambako lori linaweza kukufuata; tafuta kituo cha mafuta, stendi, au mahali penye watu na taa. Zima injini, maana moshi wa injini ndani ya gari lililofungwa unaua bila harufu ya kukuonya. Vuta breki ya mkono, funga milango, acha upenyo mdogo wa dirisha, kunywa kahawa yako, weka kengele. Ukiamka usikamate usukani papo hapo. Shuka, nawa uso, zunguka gari ukigonga matairi, na dakika kumi zikipita ndipo uondoke. Saa za hatari zaidi ni kuanzia saa 8 usiku hadi alfajiri, kisha saa zilezile za mchana zilizotajwa. Sheria ya Trafiki ya Kenya inamkataza dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya jumla ya saa nane ndani ya saa 24, lakini hata saa nane zinaweza kuwa nyingi mno kwa mtu aliyekesha msibani.

Wa bodaboda wana mtindo wao. Kijiweni, mchana, utawaona: pikipiki imesimamishwa kwenye stendi ya kati chini ya mwarobaini, mgongo juu ya kiti, kichwa kwenye tangi, miguu inaning'inia nyuma kwenye keria, helmeti kifuani. Kitanda hicho hakimruhusu mtu kuzama. Kila honi inamvuta juu kabla hajafika usingizi mzito, na bila kengele yoyote dereva anapata kipimo kifupi. Tatizo ni mteja. Anafika, anagonga kiti, "twende Mbagala," na sekunde kumi baadaye wako barabarani. Abiria anayejipenda ampe dakika tano. Dereva anayejipenda azichukue hata kama abiria analalamika.

Wauguzi, walinzi na wengine wa zamu za usiku wanahitaji mpango tofauti. Kipimo kirefu, dakika 90, kichukuliwe alasiri au jioni kabla ya kuingia kazini. Usingizi uliowekwa akiba kabla ya zamu husaidia kuliko unaoibwa katikati. Kama kazi inaruhusu kulala zamu kwa zamu, dakika 20 za saa 8 au 9 usiku zinafaa, mradi mwenzako ajue na akubali kukuamsha. Wenge la usiku ni kali kuliko la mchana. Muuguzi aliyetoka tu usingizini asipime dozi ya dawa kabla hajanawa uso na kutembea kidogo, na mlinzi asikabidhiwe bunduki akiwa bado anafikicha macho.

Kwa wa ofisini kikwazo kikubwa ni aibu. Japani mtu kusinzia mbele za watu, kwenye treni au hata mkutanoni, huchukuliwa na wengi kama alama kwamba amejituma; mwaka 2014 wizara ya afya ya nchi hiyo iliingiza kwenye mwongozo wake wa usingizi pendekezo la kulala mchana mapema kwa muda usiozidi dakika 30. Bongo, ukiegemea meza, picha yako iko kwenye grupu la WhatsApp kabla hujakoroma. Lakini mfanyakazi wa Tanzania Bara ana karata yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mapumziko ya angalau dakika 60 akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Kula kwa dakika 25, tena chakula cha wastani, lala 20 kwenye gari, chumba cha swala au stoo, zilizobaki nawa na urudi. Hiyo ni saa yako. Bosi hana la kuuliza.

Kuna wanaolala kidogo zaidi ya hapo, kwa makusudi. Mchoraji Salvador Dalí wa Hispania aliandika mwaka 1948 jinsi alivyokuwa akikaa kitini na ufunguo mzito mkononi, sahani ikiwa imewekwa chini. Usingizi ukimpata, vidole vinalegea, ufunguo unaanguka, mlio unamwamsha, naye ananasa picha zilizokuwa zikimpitia kichwani. Mwaka 2021 watafiti wa Paris waliujaribu mchezo huo kwa watu 103 waliokuwa na fumbo la hesabu lenye njia ya mkato iliyofichwa, wakiwa wameshika chombo mkononi. Kati ya waliopitiwa na lepe kwa sekunde 15 au zaidi, asilimia 83 waliigundua njia hiyo. Kati ya waliobaki macho, asilimia 30. Waliozama zaidi ya lepe wakapata asilimia 14 tu. Mwandishi aliyekwama kwenye aya anaweza kujaribu kwa kijiko na sinia la bati. Majirani watazoea.

Mama mwenye mtoto mchanga huambiwa alale mtoto anapolala, ushauri mzuri unaotolewa zaidi na wasiofua nguo za mtoto. Akipata nafasi hiyo, asilale na mtoto kifuani kwenye kochi, kwani mtoto anaweza kuteleza kwenye mikunjo na kukosa hewa. Amweke chali mahali tambarare, kisha yeye ajilaze kando.

Anayeteseka kwa kukosa usingizi usiku asilale mchana kabisa, hata dakika 15, mpaka usiku wake utengemae. Na anayelala usiku wa kutosha lakini bado anasinzia mchana kila siku, kwenye daladala, kanisani, katikati ya mazungumzo, hahitaji mwongozo huu, anahitaji daktari. Upungufu wa damu na kisukari vinaweza kuleta uchovu wa namna hiyo. Kukoroma sana kunakoambatana na pumzi kukatika usiku humfanya mtu aamke mara nyingi bila kujua, na anayelala naye chumbani ndiye shahidi bora, hivyo aende naye kliniki. Aliyeishi au kutembea kwenye maeneo ya mbung'o, iwe mbugani Tanzania, Uganda au vijijini Kongo, amtajie daktari safari hizo bila kuulizwa. Malale huanza kwa homa na kuumwa kichwa, dalili zinazofananishwa haraka na malaria, na baadaye huugeuza mpangilio wa mwili, mgonjwa akasinzia mchana na kukesha usiku. Hutibika, na matibabu huwa rahisi zaidi yakiwahi kabla vimelea havijafika kwenye ubongo.